Mikono Miwili Mlangoni

Kaimu Mkurugenzi wa Usalama aliweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya kioo kidogo kilichopachikwa ukutani. Taa ikawaka kijani, kitu kikalia ndani ya mlango wa chuma, na mlango ukafunguka wenyewe bila kelele. Akajisogeza pembeni na kuwapisha wageni wake kwa tabasamu la mwenye nyumba.

"Karibuni. Tazameni mnachotaka. Mimi sina cha kuficha."

Wageni walikuwa wawili. Wa mbele alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sare iliyopigwa pasi ikapigika, inspekta wa polisi ambaye kikosi kizima kilimwita Sindano, kwa sababu hupenya mahali ambapo wengine hawaoni hata tundu. Nyuma yake alikuja Koplo, mwanamume wa makamo mwenye kitambi na kamera. Kazi yake ilikuwa kupiga picha na kulalamika, na zote mbili alizifanya kwa bidii.

Juzi asubuhi, ndani ya chumba hiki, Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameanguka. Kabla watu hawajala chakula cha mchana, redio ikatangaza kwamba Rais amemteua mshauri wake wa mambo ya ulinzi kukaimu nafasi hiyo. Mshauri huyo ndiye aliyekuwa amewafungulia mlango sasa hivi. Ndiye pia aliyekuwa na Mkurugenzi chumbani wakati anaanguka.

Bunge lilipiga kelele, na lilikuwa na sababu. Mwaka mzima Rais alikuwa akitaka Mkurugenzi aondoke, na mwaka mzima Kamati ya Bunge ilikuwa ikimjibu hapana. Sheria ilikuwa upande wa Kamati: Rais hawezi kumng'oa mkuu wa Usalama mpaka Kamati iridhie. Lakini sheria hiyohiyo ilimwachia Rais kidirisha kimoja. Mkurugenzi akifa, au akishindwa kazi kwa maradhi, Rais anaweza kuweka kaimu papo hapo bila kumwuliza mtu. Sasa mzee aliyekataa kujiuzulu mwaka mzima ameugua asubuhi moja tu, na kiti chake kimepata mtu kabla hakijapoa. Kamati ilidai uchunguzi. Wakubwa wa polisi, ambao hawakuitaka kesi hiyo hata kwa dawa, wakamtupia Sindano. Ripoti ilitakiwa mezani kwa Kamati kesho asubuhi. Akisema ni maradhi tu, Kaimu angethibitishwa na mambo yangeishia hapo.

Huyo mzee mwenyewe alikuwa mtu wa ajabu, na mimi sioni haya kumsifu. Rais alimwomba faili za wapinzani wake, akamnyima. Wapinzani wakamwomba faili za Rais, akawanyima nao. Mtu wa namna hiyo hana marafiki wengi, lakini watu wa nchi yake hulala usingizi.

Sindano alisimama katikati ya chumba akazunguka taratibu. Kilikuwa chumba kirefu. Meza ilikuwa mwisho kabisa, chini ya dirisha, na mlango upande wa pili. Zulia la buluu, la manyoya mafupi, lilitandikwa ukuta kwa ukuta. Kando ya kiti cha Mkurugenzi palikuwa na doa kubwa la chai iliyokauka.

"Aliangukia wapi, Mheshimiwa?"

"Hapa." Kaimu alionyesha sakafu karibu na mlango. "Tulikuwa tumemaliza mazungumzo, akawa ananisindikiza. Mara akashika kichwa, akaenda chini."

"Na chai?"

"Aliimwaga mwanzoni. Mkono ulikuwa unamtetemeka. Uzee." Akacheka kidogo. "Ninyi si mmeshaipima? Mmekuta sumu?"

"Maabara wanasema ni chai, maziwa na sukari."

"Sukari kiasi kile," Koplo akadakia kutoka nyuma ya kamera, "ndiyo sumu yenyewe, afande."

Sindano alichuchumaa kando ya doa, akalitazama kwa muda mrefu kuliko doa la chai linavyostahili kutazamwa. Kikombe kilikuwa kimevunjika hapo. Vipande walishavichukua watu wa maabara. Chini ya kiti akaona kitu kinameta, akakivuta kwa ncha ya kalamu. Kilikuwa kipande cha kioo cha miwani.

"Alikuwa anavaa miwani?"

"Ya kusomea," Kaimu alisema. "Labda ilivunjikia hapo. Sijui. Sikuwa natazama miwani yake."

"Hapana, usijali." Akakitia kwenye bahasha. Aliporudi mlangoni alisimama mbele ya kioo cha kiganja cha upande wa ndani, pacha wa kile cha nje. Chini yake palikuwa na kisanduku kidogo cha chuma kilichofungwa kwa lakiri nyekundu yenye muhuri wa Kamati ya Bunge. "Koplo, piga picha na hiki."

"Hiki nacho, afande? Kimefanya kosa gani?"

"Wewe piga."

Koplo akapiga, akiguna.

Nje ya mlango, kwenye meza iliyojaa karatasi, alikaa katibu muhtasi wa Mkurugenzi, mwanamke wa umri wa shangazi, macho yamemvimba. Kaimu alipokwenda kupokea simu kwenye chumba cha jirani, Sindano alivuta kiti akakaa karibu naye. Hakutoa daftari.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nishapoa, nifanyeje."

"Mzee juzi alikujaje?"

"Kama siku zote. Alinisalimia, akamuulizia mjukuu wangu, akafungua mlango wake akaingia."

"Alifungua mwenyewe?"

"Nani mwingine? Mlango ule haukuwa unamjua mtu mwingine. Mimi mwenyewe miaka yote hii huingia akinifungulia yeye, ana kitufe pale mezani." Akaelekeza kidevu upande aliokwenda Kaimu. "Kisha huyu akaja. Nikawapelekea chai. Walikuwa wanabishana, ila kwa adabu. Huyu anasema Rais amechoka, pumzika mzee, ondoka kwa heshima. Mzee anamwambia mlete huyo Rais mbele ya Kamati aseme amechoka. Halafu mgeni akanituma masijala, chini kabisa, nikamletee jalada. Nikamtazama Mzee. Akaniambia nenda tu, mama."

"Ukalileta?"

"Watu wa masijala walitafuta weee! Jalada lenyewe halipo, halijawahi kuwapo. Niliporudi mlango umefungwa. Nikabisha. Akatoa kichwa huyu, akasema subiri, bado tuna mazungumzo. Nikasubiri."

"Muda mrefu?"

"Nilichapa kazi ya asubuhi nzima, mwanangu. Chai yangu nikaipasha mara mbili. Muda mrefu."

"Hukusikia kitu?"

"Chuma kile. Hata ukilia ndani hausikiki." Midomo ikaanza kumcheza. "Mwisho akafungua, akaniambia niite gari la wagonjwa. Nikachungulia. Mzee amelala chali hapo mlangoni, koti limenyooka kama mtu aliyejilaza. Hapo ndipo roho inaponiuma. Alikuwa anakuja kwangu. Alitambaa chumba kizima anitafute, na mimi nimekaa upande wa pili wa mlango nachapa barua."

Sindano alimshika mkono, akamwacha alie mpaka amalize. Hakumwambia kwamba hajakosea kitu, kwa sababu wakati huo hakuwa na ushahidi, naye si mtu wa kumpa mwenzake faraja ya kubahatisha.

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara. Walivuka kwa miguu, Koplo akilalamikia jua, wakapanda hadi wodi ya juu ambapo askari wawili walilinda mlango. Mkurugenzi alikuwa amelala macho wazi. Uso wake umevutwa upande mmoja, na macho yakawafuata walipoingia. Mkewe alikuwa kando ya kitanda, mwanamke mnene mtulivu, mfuko wa nailoni mapajani.

"Kiharusi," alisema daktari, ambaye hakuwa mtu wa salamu ndefu. "Mshipa wa kichwani umeziba. Damu nimeipima mara mbili, mkojo pia. Hakuna sumu, hakuna dawa ya ajabu, hakuna jeraha. Presha anayo siku nyingi."

"Ugomvi unaweza kuipandisha?"

"Ugomvi, ngazi, mkwe. Chochote."

Koplo alicheka, kisha akakumbuka alipo akaacha. Sindano alihisi kesi inamteleza mikononi. Maradhi ya Mungu. Hakuna polisi aliyewahi kuyatia pingu.

"Ila kitu kimoja nakuapia popote," daktari akaendelea, na sauti yake ikawa kali. "Alicheleweshwa. Kuna dawa ya kuzibua mshipa, nayo ina muda wake. Alipofikishwa hapa, muda ulikuwa umeshapita. Tuko ng'ambo ya barabara, Inspekta! Ningeweza kumfuata kwa miguu."

"Angewahishwa?"

"Angekuwa anakujibu maswali yako mwenyewe."

Mkurugenzi alifumba macho, akayafumbua. Alikuwa anasikia kila kitu.

Simu ya Sindano ikalia. Alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge, na hakusubiri kusalimiwa.

"Inspekta, nasikia uko hospitali. Niambie ni sumu."

"Si sumu, Mheshimiwa."

"Basi andika haijathibitishwa kuwa si sumu. Nipe kitu hicho tu, mimi nitamkalia Rais kooni mpaka atapike."

"Nitaandika chai ilikuwa chai, Mheshimiwa."

"Kwani wewe uko upande gani?"

"Niko wodini, Mheshimiwa. Nitakupigia." Akakata. Koplo alimtazama kwa mshangao na heshima nyingi. Si kila siku mtu anamkatia simu Mwenyekiti wa Kamati huku mkono hautetemeki.

Sindano aligeukia mfuko ulio mapajani mwa mke. "Samahani, mama. Hizo ni nguo zake za juzi? Naomba nizitazame."

Mke aliufungua mwenyewe, akazitandaza kitandani moja moja, kwa upole, kama mtu anayemvika mwanawe. Suruali ya kijivu. Koti. Viatu vyeusi. Sindano alianza na suruali: akaipeleka dirishani, akazitazama sehemu za magoti kwa makini, kwanza nje kisha ndani. Zilikuwa safi, na mstari wa pasi umesimama. Ndipo akachukua viatu.

"Hivi huvipaka rangi mwenyewe kila asubuhi," mke alisema. "Hataki mtu amsaidie. Anasema ndiyo kazi pekee anayoruhusiwa kuisimulia nyumbani."

Mbele viatu viling'aa. Ncha hazikuwa na hata mchubuko. Lakini nyuma, kwenye visigino vyote viwili, rangi ilikuwa imesuguliwa ikatoka, na kwenye mshono kati ya ngozi na soli kulikuwa kumejaa nyuzi fupi za buluu.

"Koplo. Mtu akitambaa, anachafua nini?"

"Magoti, afande. Na ncha za viatu."

"Na visigino anavichafua lini?"

Koplo alifikiri, kitambi kikipanda na kushuka. Kisha hakuwa tena na hamu ya utani. "Akiburutwa, afande. Akishikwa makwapani akavutwa kinyumenyume."

Mke wa Mkurugenzi aliweka mkono mdomoni. Sindano aliona aibu kwa kuyasema hayo mbele yake, akaomba radhi, lakini mama yule akatikisa kichwa. "Endelea, mwanangu. Endelea tu."

Sasa picha ilikuwa inaanza kukaa sawa. Mzee aliangukia mezani, pamoja na kikombe chake na miwani yake. Aliburutwa chumba kizima mpaka mlangoni. Lakini kwa nini? Mtu humburuta mgonjwa ili ampeleke kwenye msaada, na msaada haukuitwa. Alimburuta, akambwaga hapo, akamwambia katibu muhtasi asubiri. Mlangoni palikuwa na nini ambacho mezani hakikuwapo?

Daktari alikuwa amerudi kitandani kumpima mgonjwa. Aliuinua mkono wa kulia wa Mkurugenzi, akauachia. Ulianguka juu ya shuka kwa uzito wake wote. Akauinua tena, akakunjua vidole kimoja kimoja, akakilaza kiganja wazi.

Sindano alikikodolea macho kiganja kile.

Zamani kidogo, kabla hajaingia upelelezi, alikuwa mtunza ghala la silaha makao makuu. Ghala lile lilikuwa na kioo cha kiganja, ndugu wa hiki cha Usalama. Kifaa kama hicho humjua mtu mmoja tu. Siku alipohamishwa, yeye na aliyempokea walisimama mlangoni bega kwa bega: yeye akaweka mkono wake kwanza, kifaa kikalia, na kabla taa haijazimika mwenzake akaweka wake. Hakuna njia nyingine. Mwenye mlango asipokuwapo, kisanduku lazima kivunjwe lakiri mbele ya mashahidi.

Na asubuhi ya leo lakiri ya Kamati ilikuwa nzima, na picha yake iko kwenye kamera ya Koplo.

"Afande?" Koplo alimwita. "Umeona jini?"

"Yule bwana ametufungulia mlango," Sindano alisema. "Leo asubuhi. Kwa mkono wake."

Walimkuta Kaimu kwenye kiti cha Mkurugenzi. Sindano aliomba katibu muhtasi aingie naye, asimame karibu na Koplo. Kaimu hakupenda, ila alikubali shingo upande.

"Nina maswali machache ya mwisho, Mheshimiwa. Ulisema Mzee aliangukia mlangoni."

"Nimeshasema."

"Kikombe kilivunjikia mezani. Miwani ilivunjikia mezani. Visigino vya viatu vyake vimejaa zulia lako, na magoti ni safi. Mzee hakutembea mpaka mlangoni, wala hakutambaa." Alitua, akamgeukia katibu muhtasi. "Hakutambaa, mama. Aliburutwa."

Katibu muhtasi alitoa sauti ndogo, akashika ukingo wa kabati.

"Nilitaka kumsogeza kwenye hewa," Kaimu akasema upesi. "Nilichanganyikiwa. Mtu ameanguka mbele yako, utakumbuka nini?"

"Uliukumbuka mlango."

"Nini?"

"Uko hapa tangu juzi, na mlango unakufungukia. Kioo kile hakimpokei mtu mpya mpaka mwenyewe aweke mkono kwanza, kisha mpya aweke wake, palepale. Lakiri haijavunjwa. Asubuhi ile Mzee alijifungulia mwenyewe, mama huyu alimwona. Alitoka hapa kwenye machela. Kwa hiyo kati ya kuingia kwake na machela, mikono yenu miwili ilikutana pale ukutani." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nataka uniambie ilikutana saa ngapi ya maisha yake. Alipokuwa mzima, au alipokuwa chini?"

Kaimu alifungua mdomo.

"Usiharakishe," Sindano akamwambia, karibu kwa huruma. "Ukisema alikuwa mzima, basi alikukabidhi ofisi akiwa na afya yake. Hapo hakukuwa na maradhi, na pasipo maradhi wala ridhaa ya Kamati, hapakuwa na ofisi ya kukabidhiwa. Uteuzi wako umekufa. Ukisema alikuwa chini, uteuzi unaweza kupona, lakini wewe ulimburuta mtu anayekufa ukatumia kiganja chake kabla hujamwitia daktari aliye ng'ambo ya barabara. Chagua. Koplo ataandika."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, na ni watu wa kazi ile tu wanaoweza kulifanya. Mwingine angemwita daktari, akasubiri tangazo, akaja ofisini kesho yake na barua mkononi. Lakini kwa watu wa Usalama, mkurugenzi ni yule ambaye mlango unamfungukia, hata kama barua haijaandikwa. Mzee angetolewa mlango ukiwa bado wake, ungebaki umefungwa mpaka Kamati ije na fundi, na Kamati ingekuja na maswali. Kaimu alikuwa na wakati huo mmoja tu, na mkono ukiwa bado wa moto.

"Unajua unaongea na nani?" alisema hatimaye. "Mimi nimeteuliwa na Rais."

"Rais amekupa cheo. Mkono ulioko ndani ya kile kisanduku hakukupa yeye."

Kaimu aliitazama meza, kisha mlango, kisha yule mwanamke mzee aliyekuwa akimtazama bila kupepesa. Jasho lilimtoka chini ya masikio.

"Alikuwa chini," alisema. "Lakini alikuwa anapumua! Nilijua atapona. Na wala sikufanya kwa akili yangu. Rais alijua."

"Alijua nini?"

"Nilimpigia simu. Nilimpigia kabla ya kitu chochote. Kamuulize mwenyewe, kama una ubavu huo."

Koplo alimfunga pingu, akazifunga vizuri. Katibu muhtasi alikwenda mezani, akaokota majalada ya Mzee wake yaliyokuwa yamerundikwa ovyo, akaanza kuyapanga upya.

Ikulu walimpokea Sindano alasiri, baada ya kumweka barazani mpaka chai aliyoletewa ikapoa. Rais alikuwa nyuma ya meza yake, mtu mkubwa wa mwili aliyechoka uso, na mwanasheria wake amesimama pembeni tayari kwa vita.

"Kaimu wako yuko rumande, Mheshimiwa," Sindano alianza, baada ya salamu. "Maelezo yake yako hapa. Nimekuja kuchukua na yako."

"Rais hahojiwi na polisi," mwanasheria akasema. "Inspekta, hilo hata mtoto wa shule analijua."

"Sijaja kumkamata, bwana. Nimekuja kuuliza. Mheshimiwa ana haki ya kukataa. Akikataa, nitaandika kwamba nilimwomba akakataa, na Kamati itasoma hivyo."

"Unanitisha?" Rais aliuliza.

"Hapana, Mheshimiwa. Nakueleza ripoti itakavyokuwa, ili usije ukashangaa."

Rais alikuwa amezoea watu wa aina mbili, wanaomtukana mbali na wanaomsujudia karibu, na huyu hakuwa miongoni mwao. "Sikiliza, Inspekta. Watu walinichagua mimi, hawakuichagua Kamati. Nalala na vitisho vya nchi hii kila siku. Nifanyeje kazi kwa macho nisiyoyaamini? Yule mzee alininyima kila nilichomwomba."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na Kamati nayo aliinyima."

"Ulijuaje?"

"Mwenyekiti amenipigia simu leo. Mtu aliyepewa anachotaka hapigi simu ya namna ile." Sindano akaongeza, kwa sababu ni haki kusema: "Bado una haki ya kuweka kaimu mwingine, Mheshimiwa. Mzee ni mgonjwa kweli. Hilo nitaliandika pia, hata kama Kamati itanuna. Swali langu ni moja tu. Yule bwana alikupigia simu wakati Mzee yuko sakafuni. Mlizungumza nini?"

Mwanasheria aliinua mkono. Rais akamwonyesha mlango bila kumtazama. Mwanasheria alisita, akatoka.

"Hali yake ikoje?" Rais aliuliza walipobaki wawili.

"Anasikia. Haongei. Mkono wa kulia umekufa."

"Ataongea tena?"

"Daktari anasema angeongea leo, kama angewahishwa."

Rais aliinuka akaenda dirishani, akasimama huko akimpa mgongo. Sindano hakumharakisha. Alikuwa amekunjua karatasi juu ya goti, kalamu mkononi. Mtu yule angeweza kunyamaza, na hakuna mahakama ambayo ingemlazimisha, wala shahidi ambaye angemwumbua. Simu ile ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao tayari alikuwa mwongo anayejulikana. Kukana kungekuwa rahisi kuliko kumeza mate.

"Alisema mzee ameanguka, hajitambui," Rais alisema, bado akitazama nje. "Nami nikamuuliza swali."

"Ulimuuliza kama ameita daktari?"

"Hapana." Akageuka. Uso wake ulikuwa umelegea, umezeeka, na hakuuficha. "Nilimuuliza kama ana uwezo wa kuufungua mlango. Akasema ngoja. Nikangoja, Inspekta. Nilishika simu nikangoja mpaka nikasikia kile kifaa kinalia. Ndipo nikakumbuka kuuliza kama mzee anapumua."

Sindano aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, bila kuyapunguza wala kuyaongeza, akampelekea karatasi. Rais akaisoma yote kwa kusimama, akarudia mstari wa mwisho, kisha akainama juu ya meza akaweka sahihi yake.